Karani wa Mizani

Mvua ya Tukuyu haina adabu:
huingia kwenye matenga, hulala ndani ya majani ya chai,
na baba, karani wa mizani,
aliitoa yote, kilo kwa kilo,
hata kwenye tenga la mama.
Hasa kwenye tenga la mama.

"Maji si chai," alisema,
kisha akapangusa sahani ya mizani kwa kitambaa
alichokikunja pembe nne, zote sawa.

Wachumaji walimwita Rula.
Nikiandika saba iliyoinama, aliifuta
mpaka karatasi ikatoboka,
kesho yake akaninunulia daftari jipya, bila neno.

Usiku mmoja nilimkuta jikoni, koroboi inafuka,
anajumlisha upya kitabu cha mwezi uliokwisha kulipwa.
Alikuwa amemkata Bibi Tupokigwe nusu kilo isiyostahili.
Nusu kilo! Hela ya kiberiti.
Lakini alitetemeka kama mwizi aliyesikia ufunguo mlangoni,
na kwa sauti ambayo hakuwahi kutukaripia nayo
akajikaripia: "Mjinga. Mjinga wewe, Anyosisye."

Kumbe sisi tulikuwa tukipata ukoko tu wa ukali wake.
Sufuria nzima aliila mwenyewe.

Alfajiri, ukungu bado umekalia mashamba,
alivaa buti, akapanda kilima na ile hela ya kiberiti.
Bibi alicheka hadi akakaa chini,
akamtwika mkungu wa ndizi.

Baba alirudi nao, akasimama mlangoni,
mvua ikimchuruzika,
hajui aupime wapi.