Komeo la 71206

Kila Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
Urpo Hyttinen alikung'uta theluji viatuni
akaingia bila kubisha hodi.
Baba alikuwa keshatandika blanketi la jeshi
juu ya meza yetu ya chakula.
Mama, enzi za uhai wake, alisema:
waume wa wenzangu hunuka tumbaku,
wangu ananuka grisi.

Walizilaza ubavu kwa ubavu, kama wagonjwa wa wodi moja.
Ya baba, mtutu wa Tula,
tai wa mfalme wa Urusi amekwanguliwa nusu,
pembeni yake muhuri wa jeshi letu,
na mbao mbili zimeumanishwa
kama vidole vya mtu anayeomba.
Ya Urpo, Mauza ya Sweden, nyembamba, haina hata kovu.

"Vuta," Urpo alisema, "usikie hariri."
Komeo likarudi nyuma kimya.
Baba akacheka kwa pua.
"Hariri ni ya harusini. Nipe kitu kitakachofunguka
mafuta yameganda
na vidole si vyako tena."
Hapo sasa! Kifyatulio, kilengeo, uzito,
mpini ukae wima au uinamishwe,
sauti zinapanda, kahawa inapoa.
Baba alikuwa fundi wa lifti.
Urpo alifundisha jiografia.
Vita hawakuiona, hata moshi wake.

Kwenye kitako cha ile ya Tula pana chale tatu za kisu.
Nilipokuwa mdogo niliuliza: ni watu?
Baba akazifunika kwa kidole gumba.
"Huenda ni siku za kungoja barua."
"Au samaki," Urpo akasema,
na jioni ile waliondoka mezani mapema.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa namba.
Bunduki ya baba, 71206. Komeo lake, 38854:
mtoto wa kambo, aliyepachikwa ghalani
na karani mwenye haraka.
Komeo la 71206 lilikuwa kwa Urpo,
droo ya tatu, ndani ya soksi ya sufu.
Alilipata kwenye mnada wa Mikkeli, katika ndoo ya vyuma chakavu.
Baba alitoa pesa. Akatoa singe mbili. Akatoa boti.
"Haliuzwi."
Miaka kumi na tisa, haliuzwi.

Baba alizikwa mwezi wa pili; ardhi ilichimbwa kwa mashine.
Barua ya polisi iko juu ya friji:
niamue, nazirithi au naziuza.
Alhamisi iliyofuata, mlango ukabishwa.
Urpo, anabisha!
Akaweka soksi mezani, hakuvua koti.

Nililisukuma komeo polepole.
Likaingia nusu, likakwama.
Nikalitoa, nikalipangusa, nikarudia.
Likakwama palepale.
Damu ni nzito kuliko maji, sawa,
ila kinachoteleza ni mafuta:
lile la kambo, 38854, liliingia kama mwenyeji.

Urpo alikaa. Koti likamjaa shingoni.
"Miaka kumi na tisa," akasema,
"nimemnyima mtu chuma kibovu."

Nami tangu Jumapili nilikuwa nimesoma daftari la baba,
lenye namba, bei, na mihuri iliyochorwa kwa penseli,
na ukurasa mmoja wa miaka kumi na miwili nyuma:
*Urpo yuko hospitali. Nimemwagilia maua yake.
Nimelijaribu komeo. Linakwama.
Asiambiwe.*

Mwaka ule ule alikuwa ametoa boti.

Nilitazama mikono ya Urpo juu ya blanketi,
wino wa ramani za zamani bado uko kuchani,
au labda ni grisi.
"Itakuwa baridi," nikamwambia.
"Chuma hukunjamana. Tuliache lipate joto la nyumba,
tulijaribu tena Alhamisi.
Na uje na ile hariri yako."

Akavua koti.
Nikaweka maji ya kahawa motoni.