Dirisha la Ghorofa ya Tatu

Bahasha ilinifuata gereji, Jumanne,
nikiwa mvunguni mwa Ford ya mtu, oili ikinidondokea kifuani.
"Casimir Nowicki ni wewe?" akauliza mwenye buti.
Nikaitikia bila kutoka,
na hapo ndipo nilipokosea, anasema mama:
mtu haitikii jina kabla hajaona uso wa anayemwita.

Umri, miaka kumi na tisa. Mji, Erie, Pennsylvania,
Februari, ziwa limeganda hadi macho yanapokoma.
Karatasi inasema MDAI na MDAIWA.
Mdai ni Rosalba, niliyekuwa nikigawana naye chipsi
kwenye kiti cha nyuma, vioo vikijaa mvuke.
Mdaiwa ni mimi.
Katikati yetu, herufi mbili: mtoto N.A.

Mama alihesabu miezi kwa vidole,
akafika wa tisa, akarudia, akafika wa tisa.
Kaka yangu Thaddeus akasema kataa,
kataa mpaka maabara ikufunge mdomo.
Wahenga walisema kitanda hakizai haramu;
kiti cha nyuma hawakukitaja.

Maabara haikunifunga mdomo. Iliniambia niufungue.
Kijiti chenye pamba, shavu la kulia, shavu la kushoto.
Muuguzi alinukia mnanaa. "Tayari," akasema.
Nilidhani kitauma.
Jambo kubwa namna hii, nilidhani lazima liume.

Wiki tatu nilikuwa watu wawili.
Mmoja alilala chali akiomba sifuri.
Wa pili alisimama dukani Jumamosi mbele ya viatu
virefu kama kidole gumba, akapindua kibandiko cha bei,
akavirudisha, akageuka kuona kama kuna aliyemwona.
Sijui yupi alikuwa akila chakula changu.

Tisini na tisa nukta tisa saba.
Zile sehemu tatu za elfu kumi zilizosalia
nilizishikilia hadi kwenye lifti,
kisha nikaziachia.

Koridoni hatukusalimiana.
Mtoto alikuwa begani kwake, akinitazama
kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu.
Akapiga teke hewa, soksi ikaanguka, ya njano.
Niliiokota. Tayari wakawa wanatuita ndani.

Hakimu hakuwa mkali. Ningependa awe mkali.
Alikuwa na mafua, na jedwali:
mshahara wangu huku, wa Rosalba kule,
bima, yaya wa mchana,
dola mia nne na kumi na mbili kila mwezi,
zikatwe kabla sijaziona.
Hesabu hiyo naijua kwa nyuma yake.
Baba yangu alikuwa hundi,
kila tarehe tano hadi nilipotimiza kumi na nane;
hakuchelewa hata mara moja,
hakubisha hodi hata mara moja.

"Una swali?"
Nikasema: siku zipi?
"Siku zipi za nini?"
Za kumwona.
Rosalba akaacha kufunga zipu ya begi.
Hakimu akapenga kamasi, akanitazama kwa mara ya kwanza.
Hiyo, akasema, ni kesi nyingine,
fomu nyingine, ada nyingine,
dirisha la ghorofa ya tatu.

Nilipanda kwa ngazi, mbilimbili.
Dirisha hufungwa saa kumi na nusu.
Ilikuwa saa kumi na nusu na dakika nne,
na mama wa nyuma ya kioo alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti.
Akanionyesha kibao. Kisha akaonyesha ngumi yangu:
"Umeshika nini?"
Nikafungua.
Alama ya kidole changu, ya grisi,
ilikuwa imeshakaa kisiginoni.

"Kesho saa mbili. Njoo na kitambulisho."

Kesho saa mbili nina breki za basi la shule.
Nimekaa ngazini, simu mkononi,
natafuta namna ya kumwambia bosi
kwamba nitachelewa kwa sababu ya mtu.
Anaitwa Noemi.
Limeandikwa kwenye amri, ukurasa wa pili;
ndiyo kwanza nalisoma.