Ipua

Nyumba yetu ya Mkomani ina wikio lililozibwa.
Ukipita chini kichochoroni utaliona:
chumba kinavuka njia kwenda kwa jirani,
na katikati yake mawe na chokaa,
kazi ya fundi mmoja, alasiri moja.

Ng'ambo aliishi Mwanamaka,
ndugu tumbo moja na bibi yangu Somoe.
Kisa kikuku cha fedha.
Kimoja tu; cha pili kilishapotea zamani.
Bibi alisimama pale, wanasema, akaapiza
kwa sauti ya kawaida kabisa,
kama anayemtuma mtoto chumvi:
usile ukashiba, usilale ukaota,
usizae wa kukuita.

Mimi nasahihisha vitabu vya shule.
Maneno nayachambua kama dengu ungoni.
*Laana* ni ya Waarabu: mwanzo wake kufukuza,
mtu aondolewe, akae mbali.
Sina ugomvi nayo.
Lakini *apizo* ni letu wenyewe.
Ndani yake imo *apa*, ile ya kushika msahafu,
kisha kamkia kadogo kanakomsukuma mwingine.
Na kiapo, Waswahili tunakila.
Basi kuapiza ni kumlisha mwenzio
kiapo asichokiomba,
na mkono uliolisha
hubaki na mchuzi.

Mwanamaka alikufa hana mtoto.
Watu wakasema, si unaona.
Daktari wa Mombasa alikuwa ameandika uvimbe,
lakini karatasi yake nani aliisoma?

Ukifunga, utafungua.
Ukiziba, zibua. Ukitega, tegua.
Ukiapa?
Nimetafuta, hata kwa wazee wa Siyu.
Hakuna *kuapua*.

Usiku wa mwisho ulimi wa bibi
ulikuwa umelala upande mmoja.
Akasema: ...pua.
Akarudia, ameudhika: ...pua!
Nikakimbia jikoni. Kweli, uji ulikuwa unashika chini.
Nikakiipua chungu, nikarudi
na kitambaa bado mkononi,
nikamwambia, tayari bibi, nimeipua.
Alikuwa anatazama wikio.
Akafumba macho kama mtu aliyelipwa
pesa pungufu na hataki kuhesabu.

Fundi Shekuwe ametaja bei yake.
Anauliza, tubomoe lote au tuache kidirisha?
Ng'ambo sasa wamo wapangaji kutoka Faza,
wana kitoto kinacholia alfajiri,
namsikia ukutani.
Nimemwambia fundi asubiri.
Jiwe la kwanza likitoka
lazima mtu aseme kitu,
na kamusi yangu, kwenye herufi hiyo,
ina pengo.