Mpiga Kinanda wa Queimados

Mimi ndiye niketiye nyuma ya nguzo, kushoto kwa mimbari.
Kinanda ni cha mkopo: nimelipa miezi kumi na minne,
imebaki kumi,
na kitufe cha la kimekwama tangu mafuriko ya Februari.

Kazi yangu ni kulainisha hewa.
Mchungaji Oséias akishusha sauti, nashuka naye.
Akiinua mkono napanda, fa, sol,
kisha nabaki pale pale, sifiki,
maana moyo wa mtu hufunguka
mahali wimbo unapokataa kurudi nyumbani.
Hapo ndipo machozi. Hapo ndipo kikapu cha sadaka.
Hili sikufundishwa na Roho.
Nilifundishwa na mjomba Valdomiro,
aliyepiga kwenye vilabu vya pombe vya Nilópolis.

Msinielewe vibaya. Naamini.
Mama alilala siku tisa,
hospitali ikasema hakuna kitanda, rudini kesho,
na kesho ikasema vile vile.
Waliokuja ni hawa: dada Edilene na sufuria ya maharage,
kaka Jurandir na godoro kichwani, maji yakimfika mapajani.
Wakamwekea mikono, wakakesha, wakafua mashuka.
Diwani hakuja.
Siku ya kumi Mama akaketi, akaomba kahawa.
Sasa nani atanifundisha
kuwacheka watu wa haleluya?

Lakini Jumapili hii, baada ya zaburi,
akapanda mtu wa suti ya kijivu,
Wanderson, mkwe wa askofu,
viatu vyake havina tope.
Mtaani kwetu kiatu kisicho na tope ni cha mgeni.
Mchungaji akaninyooshea kidole: piga.
Nikapiga.
Mtu akasema *familia*. Nikashuka.
Akasema *adui yuko malangoni*. Nikapanda.
Akataja namba yake ya kura, tarakimu tano,
na kanisa zima likairudia, macho yamefumbwa,
watoto wa shule ya Jumapili wakiwa wa kwanza kuikariri.
Mama akaiandika kiganjani kwa kalamu ya bluu,
kiganja kile kile walichokipaka mafuta.

Nikaondoa mikono.

Sikupanga. Vidole vilichoka, au viliona haya.
Nikasikia feni. Nikasikia mbwa wa jirani.
Nikasikia sauti ya Wanderson ikiwa uchi,
nyembamba, kama ya mtu auzaye bima kwa simu.
Nikangoja watu wafumbue macho.

Hawakufumbua.
Dada Edilene akaanza kunena kwa lugha,
kisha safu ya tatu, kisha ukumbi wote,
ngurumo isiyokuwa na haja na kitufe changu,
na yule bwana akaiparamia
kama aliyezaliwa mgongoni mwake.
Kumbe nilijidhania moto.
Nilikuwa kiberiti,
na kiberiti hakizimi nyumba.

Baadaye Mchungaji hakunifokea. Alinishika bega.
“Ulikwama, mwanangu?”
“Ni kitufe cha la.”
“Tutakununulia kinanda kipya,” akasema. “Uchaguzi ukipita.”

Leo nimemsindikiza Mama shuleni kupiga kura.
Amevaa sketi yake ya ibada.
Foleni ni ndefu, jua kali, kaka Jurandir anagawa maji
na vikaratasi, macho yakimtafuta polisi.
Mlangoni Mama akafunua kiganja:
sabuni ya vyombo imekula tarakimu mbili.
“Za mwisho ni ngapi?”

Nazijua. Nimezipigia muziki.

“Nimesahau,” nikasema,
akanitazama vile anitazamavyo
nikimdanganya kwamba nimeshakula.
Akaingia peke yake.

Nje ya dirisha nilisimama nikihesabu.
Alichukua muda mrefu.
Kisha mashine ikalia ule wimbo wake mfupi,
nota mbili zikirukaruka,
wimbo usiojua kungojesha mtu,
unaofika nyumbani mara moja
bila kuuliza ni kwa nani.