Vua Sweta Kwanza

Mafinga, mwezi wa sita, saa moja asubuhi.
Ukungu haujabanduka kwenye milingoti
nami nimepiga magoti barazani,
bisibisi mkononi,
mbele ya kompyuta ya baba.

"Vua sweta kwanza," anasema dirishani, kutoka kitandani.
Baba, kwa baridi hii?
"Vua. Sufu ina cheche. Hujaona usiku
linavyomemetuka ukilivuta kichwani?
Cheche usiyoihisi wewe, mwenzio inamuua."
Navua.

"Umeng'oa waya?"
Nimezima swichi.
"Sikuuliza swichi."
Nang'oa. Namwinulia waya aone,
kama mkia wa panya aliyenaswa.
"Sasa bonyeza pa kuwashia, uhesabu hadi kumi.
Umeme ni mgeni mkaidi: ameshaaga,
bado kasimama mlangoni anaongea."
Nahesabu. Nagusa bati la kasha,
limepoa kama benchi la zahanati.

Parafujo nne, naziweka kwenye kisahani.
Ubavu unatoka, na ndani
hakuna kompyuta.
Kuna unga wa mbao,
laini, rangi ya ugali wa dona,
umeziba feni, umezilalia kumbukumbu:
miaka kumi na minne ya kiwanda,
yeye karani wa kuhesabu magogo,
dirisha lake likitazamana na msumeno.
Na mjusi mmoja mkavu, bapa kama stempu.

Navuta pumzi nipulize.
"Si kwa mdomo, Tulalumba!
Mate ni maji. Maji ni mwizi mwenye funguo."
Kikohozi kinamkatiza.
Nangoja. Nakijua kilivyo,
kinapanda kama lori la magogo likitafuta gia,
kinakaribia kurudi nyuma,
kinafika.
Kisha sauti, ndogo: "Brashi."

Brashi ya rangi, mpya, ya inchi moja,
shilingi elfu moja na mia tano dukani kwa Semgovano.
Nashika panga la feni kwa kidole lisizunguke,
nafagia taratibu, juu kwenda chini,
na vumbi linainuka, linasogea alipo.

Baba, funga dirisha, vumbi litakuingia.

"Limeshaingia," anasema. "Zamani."

Kule Iringa mjini daktari aliinua picha ya kifua
akaielekeza kwenye taa.
Aliitazama sana.
Hakusema lolote kuhusu brashi.

"Kile kisanduku cha umeme, chenye feni nyuma,
usikifungue. Hata kikinyamaza, mna mtu ndani."
Sikifungui.
Napindua kibodi, naigonga kisogoni:
punje za mchele, kucha, sindano ya paini.
Namba saba imefutika kabisa. Sijui
ni nini kilikuwa saba saba kila siku.
Nachovya pamba kwenye spiriti, naikamua,
napitisha herufi moja moja.
"Spiriti hukauka," anasema.
"Maji hujidai yamekauka."

Halafu anataka nimletee vumbi kidogo.
Nasita. Namletea, kwenye karatasi.
Hanusi. Analisaga kwa vidole viwili,
kama mama apimavyo unga uliotoka mashineni.
"Paini," anasema. "Na hii yenye wekundu, mlingoti.
Mlingoti tulipasua mwaka mmoja tu."
Anakunja karatasi, anaiweka chini ya mto.
Sisemi kitu.

Jua linafika barazani saa nne.
Naiacha kompyuta wazi ikauke, kama kitenge.
Saa tano narudisha ubavu, nachomeka waya.
Feni inazunguka.
Ile sauti ya kukoroma, tuliyoizoea
hata tukadhani ndiyo sauti yake, haipo.
Baba anategea sikio, amebana pumzi,
na kwa kitambo hicho wote wawili ni kimya.

"Vaa sweta lako," anasema.

Nitavaa. Parafujo zilikuwa nne,
zimerudi tatu.
Niko chini, natafuta kwa vidole
kwenye unga wa mbao.