Noti Yangu Moja

Kitufe ni cha manjano, kipana kama kifuniko cha sufuria.
Fundi redio alikiunda kwa kopo la siagi na springi ya kalamu,
akakifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye kiti changu,
upande wa kushoto, ambako shavu langu hufika
hata siku ambazo mwili haunisikii.
Nikigusa, kishikwambi hutoa sauti.
Moja.

Chumba chetu kiko nyuma ya soko la Kabundaire,
kinapakana na mashine ya kusaga.
Alhamisi tunaanza unga ukishaisha,
maana mashine ile haijui kunyamaza kwa adabu.
Businge haoni; simu humsomea skrini kwa kasi
ambayo sisi wengine tunaisikia kama ndege wakigombana.
Kobugabe, ambaye kiwanda cha chai kilimla viganja,
hupunga vigutu mbele ya kamera ndogo
na kinubi kinalia bila kuguswa.
Tinkasimire hasikii. Huketi juu ya sanduku la mbao
lenye spika tumboni, besi ikampanda uti wa mgongo.
"Hapo," huashiria, "hapo mmekimbia."
Kiziwi ndiye anayetushikia mdundo.
Cheka ukitaka. Sisi tulicheka mwezi mzima.

Mimi huchelewa.
Ubongo unatuma barua leo, shingo inaifungua kesho.
Mwanzoni niliomba radhi kila nilipogusa,
mpaka Businge akaniita kwa jina langu la heshima:
"Ateenyi, radhi zako zinaharibu rekodi."
Akausogeza wimbo wote, kipande kwa kipande,
akaacha pengo pale shavu langu linapofika.
Sasa wimbo hunisubiri
kama watu wanavyomsubiri mwenye funguo.

Babu yangu alipuliza kondere kule juu, kwenye kasri.
Kila kondere lilikuwa na sauti yake moja tu;
wa tatu hakuweza kutoa ya wa nne,
na hakuna aliyemwita pungufu.
Mjukuu wake, wageni wakibisha hodi,
nilisukumwa chumba cha nyuma pamoja na majembe.

Juzi alikuja mtu kutoka Kijura, anamwoza binti.
Tulidhani kaleta sabuni.
Watu hutuletea sabuni; sijui nani aliwaambia tunanuka.
Huyu alikaa kwenye gunia, akasikiliza.
Mvua ikashuka juu ya mabati, umeme ukaenda zake,
betri ikabaki asilimia sita,
tukamaliza wimbo hivyo hivyo.

"Bei gani kwa siku? Na usafiri?"

Tumeulizwa majina ya magonjwa yetu.
Tumeulizwa nani katuroga.
Bei, hatujawahi.

Businge akataja laki tatu.
Kobugabe akamkanyaga mguu: nne!
Wakaanza kubishana, Tinkasimire akivuta mikono ya kila mtu
atafsiriwe.
Nami, ambaye neno langu huchukua robo saa kuvuka meno,
nililaza shavu kwenye kitufe.
Mara moja. Kisha tena.
Mara tano, polepole,
kila moja ikichelewa kivyake,
na mtu yule, kidole hewani akihesabu,
alizisubiri zote.