Ukungu wa Kunde

Bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo,
saa kumi na mbili na robo, wiki ya tatu ya masika.
Nimechuchumaa kwenye tuta la Mwasiti binti Pazi,
kioo cha kukuzia shingoni kwa uzi wa kiatu,
na vichupa arubaini na vinane
vilivyokuwa vya dawa ya macho.

Hapa Kiswahili kimebana matumizi:
ukungu ni huu uliofunika daraja la Jangwani
hata magari yamebaki taa tu,
na ukungu ni ule mwingine,
wenye njaa.

Huo wa pili hauji na kishindo.
Mbegu moja, ndogo kuliko vumbi la unga wa muhogo,
hutua mgongoni mwa kidukari anayenyonya kunde,
hunata, huota, hutoboa ngozi,
na ikifika jioni ya tatu yule mdudu
ni ganda la kahawia lililoshonwa kwenye jani
kwa nyuzi za yule aliyemla.
Usiku ganda hufyatua mbegu nyingine.
Ndiyo maana naamka kabla ya mwadhini.

Jani moja: wafu thelathini na mmoja.
Nimewahesabu mara mbili, maana Dokta Rweyongeza
haamini hesabu ya mara moja.
Na katikati ya maiti, wanne
wazima, wananyonya, wanazaa,
wanazaa bila dume, watoto hai,
binti ambaye tumboni tayari ana binti,
mimba ndani ya mimba
kama sufuria za Kariakoo zinavyopangwa dukani.

Kule Mlimani, maabara, umeme ulipokubali,
tulikuta siri ya wa namna hii:
bakteria, mgeni asiyeonekana, ndani ya damu yao.
Mgeni siku mbili. Siku ya tatu walimpa jembe,
akaligeuza rungu.
Anapigaje? Kwenye daftari nimeandika: hatujui.
Tunajua tu kwamba ukungu hubisha na hapafunguliwi,
au ukiingia, hufia ukumbini.
Na kwamba mlinzi huyu haajiriwi, haombwi,
hurithiwa kwa mama.
(Mimi kwa mama nilirithi cherehani
na woga wa paka.)

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakuwa na hadubini. Wangeongeza:
kikulindacho nacho ki damuni mwako,
wala hakikuambii jina.

Mwasiti amenisikiliza akifunga mafungu ya majani
kwa kamba ya mgomba, ya kupeleka soko la Ilala.
"Kwa hiyo," anasema, "hao wanaonilia kunde
wana askari?"
Ndiyo.
"Na wewe umefurahi."
Nanyamaza.
"Miye huo ukungu nauombea dua.
Wewe unamchekea askari wa mwizi."

Nataka kumwambia habari ya ushuru:
kwamba kiangazi, ukungu ukishaondoka,
mlinzi anaendelea kula posho,
na mwenye mlinzi huzaa wachache
kuliko jirani anayelala mlango wazi.
Kwamba mwizi naye analipa.
Lakini sentensi inanifia mdomoni, kwa sababu Msimbazi umepanda,
maji ya rangi ya chai yananusa tuta la mwisho,
na mafungu yake ni kumi na saba tu.

Leo ni siku yangu ya tatu bondeni.
Mwasiti hanitazami. Ananinyooshea jembe.

Navifunga vichupa,
wanne wangu, kila mmoja na giza lake,
naanza kuchimba mfereji,
na mgongoni, juu ya shati lililolowa,
sijui ni mbegu ngapi zinatua,
zinabisha,
zinakosa mlango.